Sangara wa Lambo

Saa tisa alasiri. Usije asubuhi.
Asubuhi ya Julai lambo la Mabuki ni bati lililolala nje,
na samaki aliye chini hajali chambo chako
kama mlinzi wa usiku asivyojali hodi.
Mwache. Nenda kachambue pamba,
kanywe uji, kauseme vibaya upepo.
Kipupwe hakigombwi.

Miaka kumi na miwili nilisimama kiwandani Igogo,
buti za mpira, kofia ya wavu,
meza ya chuma, kisu, barafu.
Nilimmaliza sangara mmoja
kabla hujatamka jina langu na la baba:
nyuma ya shavu, shuka na uti, geuza, vua ngozi.
Minofu ikapanda ndege.
Mabondo yakalala chumba chenye kufuli mbili.
Sisi tulipanga foleni getini na mifuko ya rambo
tukinunua mapanki: kichwa, mkia, na katikati
ngazi nyeupe isiyoegemea nyumba.

Maelfu walipita mikononi mwangu.
Hata mmoja hakuwahi kunitazama akiwa hai.

Kaka yangu Budeba, ambaye kila wazo lake
huanza na ndoo,
alileta vifaranga sita kutoka Kayenze,
ndoo ya rangi juu ya tangi la pikipiki,
akisimama kila penye maji kuwaburudisha,
akawamwaga lamboni mbele ya ng'ombe wanaokunywa.
Kijiji kilicheka mpaka masika.
Wawili walielea siku ileile.
Watatu aliwala mnandi, mchana kweupe, bila haraka.
Wa sita hakuna aliyemwona,
ila furu walipungua,
na bata wa Mama Nyanzobe akarudi jioni moja
ana mguu mmoja.
Kesho yake nikanunua mshipi.

Sikiliza. Wakati wa baridi halishwi na njaa, analishwa na joto.
Hushinda kwenye kina, chini ya tuta,
mpaka jua liyachome mawe ya upande wa mashariki;
hapo ndipo hupanda maji mafupi, mzitomzito,
kama mtu anayeota moto asiyetaka kusalimiwa.
Tupa furu mzima. Vuta
kama unavyovuta blanketi kwa mtoto aliyelala kati yenu.
Acha. Hesabu tano.
Vuta.

Vidole vyangu havisikii vizuri,
barafu ya Igogo ilihamia mifupani na haijalipa kodi.
Siku nane vilishika maji matupu.
Siku ya tisa mshipi ukawa mzito.
Hakugonga. Ulikuwa uzito tu,
gunia lililoloa, lililoamua kwenda zake.

Nikamwachia, nikamrudisha, nikamwachia.
Wachunga ng'ombe wakasahau ng'ombe.
Akapanda mara moja, kinywa wazi, shingo akiitikisa,
na jicho,
jicho lilikuwa la dhahabu.
Miaka kumi na miwili nilidhani ni la maziwa.

Budeba akaja mbio, pamba kwenye nywele:
"Mrudishe! Atazaa!"
"Azae na nani, Budeba? Na ndoo?"

Alikuwa juu ya nyasi, akifungua mashavu, akifunga.
Kidole gumba kilipajua mahali bila kuniuliza.
Nyuma ya shavu.
Nikasita muda wa kutosha kutamka
jina langu, na la baba.
Kisha nikashuka na uti.

Usiku ule sufuria moja haikutosha, tukaazima.
Minofu ilijaa sinia, mizito, myeupe,
haina ndege ya kuwahi.
Mama Nyanzobe akaja kudai mguu wa bata,
akapewa kipande kikubwa kuliko bata.
"Wewe uliyemvua, anza," wakaniambia.
Wote wakangoja.

Mkono wangu ukapita juu ya minofu,
ukaenda mpaka ukingoni mwa sinia,
ukashika mgongo.